Mtoto Akibaki Nyumbani, Mzazi Anadaiwa Nini?



Katika toleo hili tumeona vema tuzungumze na wazazi na walezi ambao watoto wao wanajifunzia nyumbani. Katika nchi nyingine, kama Marekani, na hata kwa baadhi ya familia za Nairobi, mzazi huchagua mwenyewe kutompeleka mtoto shule. Hununua vitabu, hupanga ratiba, huwa mwalimu kwa hiari yake. Kwetu hapa Juba mambo ni tofauti. Wengi wetu hatukuchagua. Shule ilifungwa, au ada ilitushinda, au njia haikuwa salama, au mtoto alifika hapa akiwa na miaka 11 na hakuna darasa lililomfaa. Basi tukatandika mkeka chini ya mwembe au ndani ya rakuba, tukaanza na tulichokuwa nacho.

Hesabuni wenyewe. Vita vilipolipuka mjini tarehe 15 Desemba 2013, maelfu ya watu walikimbilia kambi za Umoja wa Mataifa, ya Tomping na ile ya upande wa Jebel, na watoto wakaacha madaftari nyumbani. Julai 2016 risasi zililia tena. Machi 2020 shule zote nchini zilifungwa kwa sababu ya korona, na madarasa mengi hayakufunguliwa mpaka Mei 2021. Machi 2024 serikali ilifunga shule kwa sababu ya joto lililotazamiwa kufika nyuzi 45. Februari 2025 zikafungwa tena baada ya wanafunzi kuzimia kwa joto hapa hapa Juba. Na ndugu zetu waliokimbia vita vya Sudani vilivyoanza tarehe 15 Aprili 2023, wakapokelewa Gorom na kwingineko, wao walipoteza nyumba na shule kwa pamoja.

Kwa hiyo mtoto wa miaka 14 aliyekulia hapa amefungiwa shule mara nyingi kuliko vidole vya mkono mmoja, ukihesabu na zile siku za ada na za ugonjwa. Na katika nchi nzima watoto walio nje ya shule ni zaidi ya milioni 2.

Ndipo linakuja swali ambalo wazazi wengi wanalibeba moyoni bila kulisema: shule ikikosekana, je, deni langu kwa mtoto limefutika? Na kama halijafutika, ninadaiwa nini hasa, mimi nisiye na mshahara, nisiye na vitabu, na pengine nisiyejua kusoma?

1. Deni la mwingine halifuti langu

Wako wanaosema, "Elimu ni kazi ya serikali." Ni kweli. Katiba ya Mpito ya mwaka 2011, kifungu cha 29, inasema elimu ni haki ya kila raia, na kwamba elimu ya msingi iwe ya bure na ya lazima. Februari 2023 Rais Salva Kiir alitangaza kwamba ada katika shule za serikali zifutwe. Wengine wanasema, "Kwa mkimbizi ni kazi ya Umoja wa Mataifa." Hilo nalo lina ukweli. Wengine wanasema, "Kanisa ndilo lilianza shule huku kwetu." Ni kweli pia. Karibu shule zote za kusini zilikuwa za misheni mpaka serikali ya Khartoum ilipozichukua mwaka 1957, na mwaka 1964 wamisionari wa kigeni wakafukuzwa.

Hao wote wanadaiwa, na si dhambi kudai haki. Tudai bila woga na bila matusi. Lakini fikirini jambo hili. Mtu anakudai mbuzi, hajalipwa. Na jioni watoto wake wana njaa. Je, atasema, "Sitapika, kwa sababu fulani hajanilipa mbuzi wangu"? La. Atapika alicho nacho, na kesho ataendelea kudai mbuzi. Kupika hakufuti deni la yule, na deni la yule halimzuii huyu kupika. Ndivyo ilivyo kwa elimu. Mzazi anayefundisha mkekani hajaisamehe serikali, wala hajakubali kwamba mambo yaendelee hivi. Amekataa tu kumlaza mtoto na njaa huku akingoja mdeni.

Kuna sababu ya pili, nayo ni wakati. Deni la fedha likicheleweshwa miaka 10 laweza kulipwa bado. Deni la utoto haliko hivyo. Mtoto wa miaka 7 mwakani ni wa miaka 8, na ule mwaka haurudi. Nchi ikijenga shule nzuri baada ya miaka 10 tutafurahi, lakini atakayekaa kwenye dawati lile atakuwa mtoto mwingine. Huyu wa leo ana mimi na wewe.

Tena angalieni Musa alipowaagiza Waisraeli wawafundishe watoto wao (Kum. 6:6-7). Alitaja mahali na nyakati: nyumbani, njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Hakutaja jengo. Aliokuwa akisema nao walikuwa watu wa mahema, waliotoka katika nchi ya mateso na hawajafika katika nchi ya ahadi. Agizo lile lilitolewa kwanza kwa watu waliokuwa safarini kama sisi.

2. "Lakini mimi mwenyewe sikusoma"

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, hasa akina mama. Takwimu za mwaka 2009 zilionyesha kwamba kati ya watu wazima 100 wa nchi hii, 27 tu walijua kusoma na kuandika. Kwa wanawake walikuwa 16. Basi mama anayesema "sikusoma" hasemi jambo la aibu. Anasema jambo la vita na la miaka mingi ya kunyimwa.

Na ni kweli kwamba mtu hadaiwi asicho nacho. Hata Paulo, akizungumza habari za kutoa, anawaambia Wakorintho kwamba utoaji hupimwa kwa kile mtu alicho nacho (2 Kor. 8:12). Mungu hatamwuliza mama asiyejua Kiingereza kwa nini hakufundisha Kiingereza.

Lakini kabla ya kusema "sina", mtu aangalie vizuri ndani ya nyumba. Mama asiyejua kusoma anajua kuhesabu fedha Konyo Konyo, wala hakuna anayempunja chenji. Anajua majina ya miti na dawa. Anajua ukoo kizazi kwa kizazi. Anajua mvua inakuja upande gani. Anaweza kuweka saa na kuilinda. Anaweza kumwambia mtoto, "Keti hapa, nisomee," na mtoto akasoma huku mama anachambua maharagwe. Mtoto akisita, mama atajua kwamba amesita, hata kama hajui ni neno gani. Atamwambia, "Rudia." Na mtoto akimaliza, atamwuliza, "Sasa niambie ulichosoma kina maana gani." Hiyo ni kazi ya mwalimu. Mtoto anayemweleza mama yake jambo amelijifunza mara mbili.

Kumbukeni vilevile habari za wale vijana waliotembea kwa miguu mpaka Ethiopia mwishoni mwa miaka ya 1980, wakakaa Pinyudo, na baadaye wakafika Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992. Wengi wao walijifunza herufi kwa kuandika mchangani kwa kidole. Aliyejua kidogo zaidi alimfundisha asiyejua. Baadhi yao leo ni wachungaji, waganga na walimu, na baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu wanaikumbuka michanga ile.

Deni la mzazi asiyesoma basi ni hili: atoe alicho nacho, na aseme kweli juu ya asicho nacho. Mtoto akiuliza swali gumu, msimdanganye ili kulinda heshima. Semeni, "Hilo silijui. Jumapili tutamwuliza mwalimu wa Sunday school." Mtoto haoni udhaifu katika neno hilo. Anajifunza kwamba mtu mzima naye hujifunza, na kwamba kutojua kunaponywa kwa kuuliza. Mzazi akitunga jibu la uongo, siku mtoto atakapoligundua atatilia shaka na mengine yote aliyoambiwa, pamoja na yale ya imani.

3. Siku ya mkekani

Wazazi wengi wameuliza namna ya kupanga siku. Haya ndiyo tuliyoona yanafaa katika hali yetu.

*Anzeni mapema.* Saa moja hadi saa tatu asubuhi, kabla jua halijakali, ni saa mbili za thamani kuliko mchana wote. Mabati yakishapata moto hakuna akili inayofanya kazi. Mtoto mdogo wa miaka 6 au 7, saa moja yamtosha. Msimkalishe mpaka akachukia.

*Fanyeni mambo manne kila siku, hata kwa uchache:* kusoma, kuandika, kuhesabu, na kusimulia. Hili la mwisho wengi hulisahau. Mtoto asimulie alichokiona, alichokisikia kanisani, au hadithi ya habuba wake. Anayejua kusimulia kwa mpangilio hataona taabu kuandika.

*Hesabu iko ndani ya nyumba.* Jerikeni ni lita 20. Kikombe chetu ni nusu lita. Jerikeni inatoa vikombe vingapi? Arobaini. Sisi tuko 6, kila mtu akinywa vikombe 4 kwa siku, vimekwenda vingapi? Ishirini na vinne, yaani lita 12. Zimebaki lita ngapi za kupikia? Nane. Au: malwa moja ya mtama inatuchukua siku 3, kwa mwezi wa siku 30 tunahitaji malwa ngapi? Mtoto aliyezoea hesabu za namna hii hataogopa atakapozikuta kitabuni.

*Ubao na daftari.* Kipande cha mbao na mkaa vinatosha kwa mazoezi ya kila siku. Daftari lenyewe litunzwe. Ijumaa mtoto aandike humo kazi yake bora ya juma, pamoja na tarehe. Siku mtakapompeleka shule, daftari hilo litamsaidia mwalimu mkuu kujua amwingize darasa gani.

*Redio.* Katika miaka ya 2000 kulikuwa na masomo ya redio ya nusu saa kwa madarasa ya 1 hadi 4 huku kusini, na shule zilipofungwa mwaka 2020 masomo yalisomwa tena redioni. Kipindi cha namna hiyo kikipatikana, msimwache mtoto peke yake na redio. Keti naye, na kikiisha mwulize amesikia nini. Sauti ya redio haioni kama mtoto amelala.

*Njaa.* Kuna siku hakuna chai. Siku hiyo msilazimishe hesabu. Hadithi moja ya Biblia, wimbo, kisha apumzike. Sabato iliwekwa kwa ajili ya mwanadamu.

*Fimbo.* Mzazi aliyechoka ni mwalimu mwenye hasira. Umelala macho kwa ajili ya mtoto mgonjwa, umepanga mstari wa maji, na sasa huyu anasema 7 na 5 ni 11. Ukiona mkono unataka kuinuka, fungeni daftari, mkaendelee kesho. Paulo aliwaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao (Efe. 6:4), na mtoto aliyepigwa kwa ajili ya herufi huanza kuziogopa herufi zenyewe. Tena akina baba, neno hilo liliandikwa kwenu kwa jina. Mkeka si kazi ya mama peke yake. Baba anayekaa chini ya mti akicheza karata huku mama anapika, anafua na kufundisha, naye anadaiwa.

*Lugha.* Anzeni na lugha mnayoota nayo ndoto. Herufi zikishakaa kichwani kwa Kibari, Kidinka, Kinuer, Kizande au Kianuak, ni rahisi kuzihamishia kwenye Kiingereza. Jambo hili si geni. Mwaka 1928, hapo Rejaf, kusini kidogo mwa mji wetu, kulifanyika mkutano uliochagua lugha sita za kufundishia watoto wadogo wa kusini: Kibari, Kidinka, Kilotuko, Kinuer, Kishilluk na Kizande. Na Sheria ya Elimu ya mwaka 2012 inataka madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya mahali. Kiingereza wafundisheni, kwa kuwa ndicho cha mitihani. Kiswahili nacho msikiache, hasa ninyi mliorudi kutoka Kenya, Uganda na Congo, kwa sababu tangu mwaka 2016 nchi hii imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini mtoto asione haya kwa lugha ya mama yake. Kama nyumbani kuna Agano Jipya la lugha yenu, hicho ndicho kitabu cha kwanza cha kusomea.

4. Ada ikitosha mtoto mmoja

Sasa tufike kwenye jambo zito. Nyumba nyingi zina watoto wanne au watano, na fedha ya kumpeleka mmoja. Hata pale ambapo ada imefutwa, kuna sare, daftari, na viatu. Nani aende? Katika nyumba nyingi jibu huwa tayari kabla ya swali: aende mvulana mkubwa, na msichana abaki achote maji na kulea mdogo.

Wanaotetea jibu hilo wana hoja, tusiidharau. Wanasema, "Tukimsomesha mmoja mpaka mwisho, atawainua wote. Tukigawanya kidogo kwa kila mmoja, hakuna atakayefika." Mahali pa umaskini, hoja hii si ya mchezo. Wako ndugu waliosomeshwa hivyo, wakarudi, wakawainua wengine.

Lakini angalieni kilichofanyika hapo. Fungu la msichana limechukuliwa, likapewa kaka yake, kwa ahadi kwamba litarudi. Huo ni mkopo. Na mkopo una sheria zake. Mkopeshaji huulizwa, na mkopaji hujua kwamba anadaiwa. Katika nyumba zetu dada haulizwi, na kaka haambiwi. Kaka anakua akidhani alikwenda shule kwa sababu yeye ni bora, na dada anakua akidhani alibaki kwa sababu yeye si kitu. Hapo ndipo dhulma inapoingia, hata kama mzazi hakuikusudia. Umaskini haukutuchagulia sehemu hiyo. Hiyo tunaichagua wenyewe.

Basi kama kweli fedha ni ya mmoja, haya matatu yafanyike. Kwanza, msiamue kwa kuangalia nani ni mvulana. Angalieni nani yuko tayari, nani amebakiza miaka michache ya kumaliza, nani atapoteza zaidi akingoja. Pili, anayekwenda aambiwe wazi mbele ya ndugu zake: "Unakwenda kwa niaba ya wote. Kila jioni utawafundisha ulichofundishwa." Hiyo ndiyo riba ya kwanza ya mkopo, na inaanza kulipwa siku ile ile, si baada ya miaka 12. Tatu, maji yagawanywe. Mvulana ana mikono, na jerikeni haijui nani anaibeba. Dada akipata saa mbili za asubuhi kwa sababu kaka alichota maji kabla ya kwenda shule, nyumba hiyo imetenda haki kuliko nyumba nyingi zenye mali.

Na wale wanaosema msichana ni wa kuozwa, kwamba ng'ombe watakuja, tuwajibu kwa upole: mtoto si benki ya ukoo. Timotheo alipata imani kutoka kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Tim. 1:5), na alijua Maandiko tangu utoto (2 Tim. 3:15). Kama wanawake wale wangeachwa gizani, ni nani angemfundisha mtoto yule? Baba yake alikuwa Myunani.

5. Somo lisiloandikwa ubaoni

Tuseme sasa hatari kubwa ya kufundishia nyumbani, nayo si upungufu wa vitabu. Shuleni mtoto hukaa dawati moja na mtoto wa kabila lingine. Wanagombana, wanagawana karanga, wanajifunza kwamba yule naye ana mama. Mkekani tuko sisi kwa sisi. Hakuna mwalimu wa nje, hakuna mkaguzi. Tunayosema usiku kuhusu 2013 na 2016, mtoto anayasikia. Yeye hana habari nyingine ya kulinganisha nayo. Kwa njia hiyo nyumba ya Kikristo inaweza kuwa shule nzuri ya kusoma na kuandika, na wakati huo huo ikawa shule ya chuki.

Mtoto anauliza, "Mama, nani alichoma nyumba yetu?" Afanyeje mama huyo?

Wengine hunyamaza, au husema, "Ilikuwa ajali, usiulize." Huo ni uongo, na mtoto ataupata ukweli kwa mtu mwingine, pengine kwa kijana mwenye hasira nyuma ya soko. Wengine husema, "Ni wale, wote ndivyo walivyo." Huo nao ni uongo, na ni mbaya kuliko wa kwanza, kwa sababu unamkabidhi mtoto wa miaka 8 maadui asiowajua, wakiwemo watoto wa miaka 8.

Ukweli una njia ya katikati, na ni nyembamba. Semeni kilichotendeka. Semeni kilitendwa na watu, tena watu wenye mikono na majina, na kwamba Mungu na siku moja mahakama zitawahoji wao. Msiseme kilitendwa na kabila, maana kabila halina mkono wa kushika kiberiti. Na msiishie hapo. Semeni na habari ya waliotusaidia. Wako kati yetu waliofichwa na jirani wa kabila lingine, akahatarisha watoto wake mwenyewe. Mzazi anayesimulia habari ya mchomaji akaacha habari ya mfichaji ametoa ushahidi nusu, na ushahidi nusu haukubaliki hata kwenye baraza la mtaa.

Kuna anayeuliza: "Je, mnataka tusahau?" La. Maandiko hayakuwaambia Waisraeli wasahau Misri. Waliagizwa waikumbuke kila mwaka, na watoto waulize, na wazee wajibu. Lakini tazameni kumbukumbu ile ilikuwa ya kazi gani. Kwa sababu walijua moyo wa mgeni, waliagizwa wasimwonee mgeni (Kut. 23:9). Maumivu yale yalifanywa kuwa sababu ya huruma. Hapo pana kipimo cha kila simulizi la vita tunalowapa watoto: akilimaliza kulisikia, je, anamwonea huruma zaidi mtu anayeteswa leo, yeyote awaye, au anatafuta mtu wa kumlipiza?

Na kwa kuwa maneno peke yake hayatoshi, unganisheni mikeka. Nyumba mbili au tatu za lugha mbalimbali zifundishe pamoja hata siku mbili kwa juma. Mama mmoja anajua hesabu, mwingine anajua Kiingereza kidogo, mwingine anajua nyimbo. Watoto watajifunza kusalimiana kwa lugha tatu. Kwa wale ambao hapo awali waliogopana, jambo hili ni gumu mwanzoni, na hakuna anayelazimishwa. Anzeni na jirani mmoja.

6. Mkeka si wa milele

Neno la mwisho ni kwa wazazi waliozoea. Shule imefunguliwa, nafasi ipo, lakini mama anasema, "Huyu nimemfundisha vizuri, abaki nami." Wengine hubaki kwa hofu, na baada ya yale tuliyoyaona hofu hiyo haichekwi. Wengine hubaki kwa sababu mtoto amekuwa msaada wa nyumba. Hapo mzazi ajiulize kwa unyoofu: anabaki kwa faida yake au kwa faida yangu?

Mkeka ni daraja. Mtoto anahitaji walimu waliosomea kazi, wenzake wa rika lake, na cheti cha kumaliza darasa la 8, maana bila cheti hicho mlango wa sekondari ni mgumu kufunguka. Aliyechelewa kwa umri asikate tamaa. Katika nchi hii uko mpango wa masomo ya haraka unaofundisha miaka 8 ya msingi kwa miaka 4. Ulizeni ofisi ya elimu ya eneo lenu. Dalili ya kwamba wakati umefika ni rahisi kuiona: mtoto anapoanza kuuliza maswali ambayo hakuna mtu kwenye mkeka anayeweza kuyajibu, daraja limefika ng'ambo.

Mama yake Musa alipewa mtoto wake amlee kwa muda tu, kisha akamrudisha kwa binti Farao (Kut. 2:7-10). Hatujui alimfundisha nini katika miaka ile michache. Lakini Musa alipokuwa mtu mzima, amejaa elimu yote ya Misri, alitoka akawaona Waebrania wanateswa, akajua kwamba ni ndugu zake. Somo la nyumbani lilikuwa fupi, na halikufutika.

Kanisa nalo linadaiwa. Jengo letu linakaa wazi Jumatatu hadi Ijumaa asubuhi, na kivuli chake ni bora kuliko cha rakuba. Vijana waliofika sekondari wako. Wazee wa kanisa na walijadili hili.

Maswali ya kujadili katika ibada za nyumba kwa nyumba

1. Katika nyumba yetu, nani amekopeshwa fungu la mwenzake, na je, anajua?
2. Mtoto wetu akiulizwa leo kwa nini tulikimbia, atajibu nini? Jibu hilo alilipata kwa nani?
3. Ni jirani gani wa lugha nyingine tunaweza kuunganisha naye mkeka juma hili?

Bwana awape wazazi wote nguvu, uvumilivu na hekima. Awape watoto wetu akili ya kujifunza na moyo wa amani. Tuombeane. Amina.